AFYA YA JAMII: Kisu Kinapoingia Gotini

Goti hubeba mzigo ambao mwenyewe haufikirii mpaka siku linapokataa kunyooka. Askari ageukapo ghafula hali wayo wake umekita chini, iwe katika gwaride, katika kuruka handaki au katika mpira wa jioni, paja huzunguka na muundi husalia pale pale. Kati ya mifupa hiyo miwili yamo magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo, moja upande wa ndani na jingine upande wa nje. Yakibanwa na kusokotwa huweza kuchanika. Kipande kilicholegea kikijipenyeza katikati ya mifupa, goti hufunga kama mlango uliotiwa kabari.

Kwa miaka mingi dawa iliyojulikana ilikuwa moja tu: kulifungua goti na kulitoa gegedu lote. Mwishoni mwa karne ya 19 wako wataalamu wa Ulaya waliodai kuwa magegedu hayo ni mabaki ya misuli yasiyo na kazi yoyote. Visu maalumu vilitengenezwa kwa ajili hiyo. Vilivyopata sifa kubwa ni vile vyenye jina la Ian Smillie, daktari wa Scotland, ambaye kitabu chake juu ya majeraha ya goti kilitoka mwaka 1946. Visu hivyo ni virefu na vyembamba. Vimo vilivyonyooka, na vilivyopinda kulia na kushoto. Makali yake yamefichwa katikati ya ncha mbili butu, ili kisu kisukumwapo ndani kabisa, mahali macho yasipofika, kikate gegedu bila kuujeruhi mfupa.

Mgonjwa alirudi kazini na wote wakaridhika. Lakini mwaka 1948 daktari wa Uingereza, T. J. Fairbank, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa magegedu: nafasi kati ya mifupa ilipungua, na kingo za mifupa zikaota vigongo. Baadaye ilithibitika kwamba gegedu hutandaza uzito wa mwili juu ya mfupa. Likiondoka lote, uzito hukusanyika mahali padogo, na mfupa husagika mapema. Kijana aliyepona upesi alikuwa amekopa kwa goti lake la uzeeni.

Njia nyingine ilitoka Japani. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti la maiti kwa bomba lililokusudiwa kuchungulia kibofu. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1962 alitoa kipande cha gegedu akitazama kwa bomba la namna hiyo, bila kulifungua goti.

Siku hizi mpasuaji hutoboa matundu madogo, kwa kawaida mawili. Katika moja hupita bomba lenye taa na kamera, unene wake kama milimita 4, huku maji ya chumvi yakilijaza goti ili pawe na nafasi na mwanga. Katika jingine hupita vyombo vya kazi. Kwanza kulabu butu, ya kupapasa na kuujua mpasuko. Kisha koleo lenye mdomo mdogo, linalong'ata gegedu kipande kwa kipande. Na mwisho mashine yenye kisu kinachozunguka ndani ya ala yake, ikinyoa kingo na kuvuta mabaki. Mashine hiyo ilianza kutumika katika miaka ya 1970.

Hata hivyo ubora wa chombo si sababu ya kukitumia. Ukingo wa nje wa gegedu una damu, na mpasuko wa hapo mara nyingine huweza kushonwa. Sehemu ya ndani haina damu ya kutosha kupona. Hapo hukatwa kile kilichochanika tu. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, ambao magegedu yao yalichanika kwa uchakavu. Baadhi walikatwa gegedu kweli. Wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Baada ya mwaka mmoja, nafuu ya makundi hayo mawili haikutofautiana.

Basi askari asione haya kumwuliza daktari: mpasuko uko wapi? Waweza kushonwa? Je, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yamejaribiwa kwanza? Goti lililofunga lisilonyooka lipelekwe hospitali mapema, wala asikubali mtu alivute kwa nguvu au alikande mpaka lifunguke.

Na jamaa wa nyumbani wana zamu yao. Baada ya upasuaji, goti likivimba zaidi, likiwa la moto na mgonjwa ana homa, au shavu la mguu likiuma na kuvimba, asingojeshwe mpaka asubuhi. Tena wasimhimize kurudi kambini kabla ya ruhusa kwa kuogopa maneno ya wenzake. Likizo ya ugonjwa hupita, lakini gegedu lililokwisha kutolewa halioti tena.