Ukurutu si Upele: Tusimhukumu Mtoto kwa Jina Lisilo Lake

Kazi ya kufundisha lugha imenionyesha kwamba jina lisilo sahihi huzaa hukumu isiyo sahihi. Muhula uliopita niliyaona hayo shuleni. Binti wa kidato cha kwanza, ambaye ngozi ya viwiko vyake kwa ndani na ya nyuma ya magoti ilikuwa imekauka, imekuwa nyeusi na kujaa mikwaruzo, alitolewa mstarini wakati wa ukaguzi wa usafi. Aliambiwa ana upele, arudi nyumbani asije akawaambukiza wenzake. Nami nilikuwapo, nikanyamaza.

Alikosa masomo wiki tatu. Mama yake alinunua sabuni ya dawa, kisha dawa ya upele, kisha krimu ya sokoni isiyo na karatasi ya maelezo. Ngozi ikazidi kuwaka. Tabibu alipomtazama, alisema kuwa ule ulikuwa ukurutu.

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hauambukizi. Jina hilo la pili lina hekima yake, kwa kuwa mara nyingi maradhi haya hufuatana katika ukoo mmoja na pumu ya kifua pamoja na mafua ya mzio. Ngozi ya mgonjwa haihifadhi unyevu ipasavyo, nayo huwaka kwa vichocheo vidogo. Chanzo chake si uchafu. Kuoga mara kwa mara kwa sabuni kali huuzidisha.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kuuthibitisha. Tabibu hutazama na kuuliza. Kwa mtoto mchanga huonekana zaidi mashavuni na kichwani. Kwa mtoto aliyekua, katika mikunjo ya viungo. Kwa mtu mzima, mara nyingi mikononi, shingoni na kwenye kope. Wafuaji, wasusi na waashi, ambao mikono yao hushinda katika sabuni, dawa za nywele au saruji, huupata kwa urahisi. Vitabu vingi hutaja wekundu, lakini katika ngozi nyeusi alama zake huwa za kahawia iliyokolea, za zambarau au za kijivu. Upele, kwa upande wake, hupenda kati ya vidole, na mara nyingi huwawasha watu kadhaa wa nyumba moja. Choa huchora duara lenye ukingo ulioinuka.

Kutofautisha huku si anasa ya wataalamu. Krimu yenye steroidi kali ikipakwa juu ya choa, huficha dalili huku kuvu wakienea. Ikipakwa usoni kwa miezi, hudhoofisha ngozi. Na krimu nyingi za kujichubua zina dawa hizo hizo.

Ukurutu hauna dawa ya kuung'oa kabisa, lakini hutulizwa, na watoto wengi hupata nafuu wakikua. Msingi wa matunzo ni nafuu kwa bei: kuoga kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, kutumia sabuni isiyo na manukato, kisha kupaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu mara tu baada ya kujifuta, na kurudia tena mchana. Kucha zikatwe fupi. Ukurutu unapochachamaa, tabibu huagiza steroidi ya kiwango kinachofaa umri na mahali, kwa siku zilizopangwa. Hidrokotisoni, iliyo miongoni mwa zile hafifu, imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pakitoka usaha, magamba ya manjano au homa, mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Je, kama ungekuwa upele kweli, tungewaacha wengine waambukizwe?" Swali lake ni la haki. Hata hivyo, upele nao hutibiwa, na mwanafunzi hurudi darasani upesi. Kwa hiyo, katika hali zote mbili, hatua ya kwanza ni kumpeleka mtoto kwa tabibu. Lango la shule si mahali pa kutibia.

Kifungu cha 30 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinampa kila mtu haki ya elimu. Nashauri shule zetu zisimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya ngozi kabla hajaonwa na mhudumu wa afya. Zimruhusu pia mwenye ukurutu kuvaa shati la pamba la mikono mirefu chini ya sweta la sufu, maana sufu humkera, na kuja na kopo lake la mafuta.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Binti yule amerejea, naye huketi dawati la mbele. Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kuketi naye. Jukumu la kuwaeleza wenzake lilikuwa letu sisi tuliomtoa mstarini, nami nilianza kwa kumwomba radhi mbele yao.