Uvimbe wa Simbilisi na Amana ya Mfugaji



Mwezi huu nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidharau kwa udogo wake, nalo ni uvimbe umpatao simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambaye watoto wetu humfuga kwa mapenzi. Udogo wa mnyama haupunguzi amana. Sote twaijua habari aliyotusimulia Mtume wetu (S.A.W.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi amtiaye mnyama bandani amekwisha kujitwika mzigo wake.

Hapa kwetu Misigiri, mwanafunzi wangu mmoja wa chuoni aliniletea simbilisi wake, ana uvimbe chini ya taya ukubwa wa harage. Kilikuwa kiangazi, na nyasi zimekauka na kuwa kama miiba. Nami, kwa kuwa mwalimu huona haya kusema sijui, nikatwaa kidonge cha amoksilini kilichosalia nyumbani, nikachanganya unga wake na maji, nikamwagiza amnyweshe asubuhi na jioni. Mnyama akaharisha, akakataa majani, na siku ya tano akafa. Mtoto akalia, nikamwambia, “Mwanangu, hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu.”

Kadari ni haki, nasi twaiamini. Lakini baadaye nilipomhadithia afisa mifugo, alinifahamisha kuwa dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini na ampisilini, simbilisi akinyweshwa, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake vinavyosaga majani, kisha vijidudu viovu hupata nafasi ya kumwaga sumu. Dawa imponyayo mtoto wa mtu humwua simbilisi. Hivyo hivyo kwa hamsta, mnyama wa asili ya Sham ambaye ndugu zetu walio Ulaya humfuga sana.

Basi, ule uvimbe ulikuwa nini? Uvimbe wa shingoni mwa simbilisi mara nyingi ni jipu. Vijidudu vikaavyo kooni hupenya katika michubuko ya nyasi ngumu au majeraha ya kuumana, vikafika kwenye matezi ya shingo na kufanya usaha mzito. Uvimbe wa mgongoni karibu na kiuno mara nyingi hukua polepole, nao kwa kawaida si saratani. Ama uvimbe wa chuchu wataka hadhari zaidi, kwani huweza kuwa saratani, hata kwa dume. Kwa hamsta, tusidanganyike na mifuko ya mashavu yake, ambayo akiijaza chakula huonekana kama uvimbe. Lakini ikiwa shavu halipungui kwa siku nzima, hapo pana dhara.

Kwa hiyo, kila Ijumaa mtoto na amshike mnyama wake kwa upole, ampapase taya, shingo, makwapa, chuchu, kinena na mgongo. Akikuta kitu, aandike tarehe na aufananishe ukubwa wake na punje ya mtama, kunde au harage, ili ijulikane kama wakua. Uvimbe uliokuja kwa siku chache, wenye moto na maumivu, hudhaniwa kuwa jipu. Ulio mgumu na wa polepole hudhaniwa kuwa kivimbe cha nyama. Hiyo ni dhana tu. Yakini hupatikana kwa mtaalamu wa mifugo kutia sindano na kutazama kilichomo.

Wakati wa kumngojea mtaalamu, mnyama atengwe na wenziwe, apewe maji safi na majani mabichi laini, na mikono ioshwe kwa sabuni kila ashikwapo. Usimkamue, usimpasue kwa wembe, usimtie majivu wala chumvi. Akiacha kula, usingoje kesho, kwani tumbo la simbilisi halistahimili kukaa tupu. Na ikiwa ugonjwa umeshinda tiba na mnyama ateseka, mwulize mtaalamu namna ya kumpumzisha pasi na maumivu.

Yule mtoto nilimwita mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa mnyama wake aliuawa na ujinga wangu, na kwamba nilikosea kuutupia ujinga huo kwenye kadari. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, “Maalim, akipatikana mwingine, nitamlisha nyasi gani?” Nikamjibu kuwa tutakwenda pamoja kumwuliza ajuaye.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa kutojua, na atuwafikishe kuuliza kabla ya kutenda. Amin.