Ada ya kibali cha mgeni ibandikwe ukutani



Mwezi Julai 2022 nchi yetu, Kongo, ilipata kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, miezi mitatu baada ya mkataba kutiwa sahihi Nairobi. Tangu hapo tumeelezwa sana habari za bidhaa na forodha. Habari za watu hatuambiwi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika kwa wanachama wa mwanzo tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kutafuta kazi, kuifanya na kukaa katika nchi nyingine ya Jumuiya. Kanuni zake hazikuishia kwenye maneno mazuri: mfanyakazi mwenye mkataba akishapeleka maombi, mamlaka inapaswa kumpa kibali katika siku 30, kwa muda wa hadi miaka miwili, nacho kinaweza kuongezwa. Ninalolalamikia ni kwamba hapa Kisangani, tunaotembelewa na wageni kutoka nchi hizo kila siku, hakuna anayeweza kumjibu mgeni mwenye mkataba halali maswali mawili mepesi: atalipa kiasi gani, na atangoja siku ngapi.

Sheria yenyewe ipo. Mgeni anayetaka kufanya kazi Kongo anahitaji kadi ya kazi, inayopitia tume ya taifa ya ajira ya wageni, na viza ya makao inayotolewa na idara ya uhamiaji, DGM. Ada zinawekwa kwa arrêté (agizo) ya mawaziri, idara ya mapato DGRAD inaandika note de perception (hati ya malipo), mtu analipa benki. Kwa kampuni kubwa yenye wakili Kinshasa, mambo yanakwenda. Lakini fundi wa jenereta aliyetoka Kampala, au mwalimu wa Kiingereza aliyetoka Kisumu, arrêté ya mawaziri ataisomea wapi? Anabaki mikononi mwa komisionere, yaani dalali wa makaratasi, na komisionere haandiki note de perception. Akikosa fedha ya komisionere, anafanya kazi bila karatasi, kisha kila mwenye kofia akipita anakuwa na sababu ya kumsimamisha. Tracasserie, usumbufu wa maofisa tunaoulalamikia barabarani, ni hiyo hiyo, safari hii imevaa mavazi ya uhamiaji. Hazina ya serikali haipati hata franka moja, na mwajiri Mkongomani wa mgeni huyo anaongeza gharama hiyo kwenye bei tunayolipa sisi.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: wageni wanamaliza kazi za vijana wetu, na makaratasi yakirahisishwa watajaa. Hoja hii ina uzito katika mji ambao vijana wengi wenye diplome wanaendesha toleka, baiskeli za abiria. Lakini ulinzi wa Mkongomani hautokani na giza la dirisha la ofisi. Ordonnance-loi ya 1990 imekwisha kuwawekea Wakongomani biashara ndogo ndogo, na sheria ya kazi inaruhusu kuwekewa kikomo idadi ya wageni katika kampuni. Hizo ndizo kuta zetu. Zinabomoka pale mgeni asiyejua njia ya halali anapokodi jina la Mkongomani na kufungua duka kwa nyuma yake. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia saluni mpaka ukarabati wa simu, na Wakenya wakalalamika kwamba inavunja itifaki. Mimi pia naona amri ile ni ya woga. Ina sifa moja tu: imeandikwa, imechapishwa, na mfanyabiashara anajua asubuhi amesimama wapi. Sisi hata ukali wetu hatujauandika mahali unapoonekana.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni usalama. Kisangani haijasahau Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya nyumba zetu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki imeiamuru Uganda, Februari 2022, ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini mwetu, na mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Nani atatuambia tuwe wepesi na watu wa mashariki? Ila majeshi yale hayakupanga mstari kuomba kadi ya kazi. Mgeni aliyesajiliwa ana picha, ana mwajiri, ana mtaa anaojulikana; asiyesajiliwa hana chochote ila simu. Mwenye nia mbaya na fedha mkononi hupita kwa urahisi kuliko wote pale ambapo karatasi inanunuliwa chini ya meza. Anayejali usalama kweli angekuwa wa kwanza kudai bei ijulikane na daftari lijazwe.

Tukumbuke pia kwamba sisi wenyewe ni wageni kwa wengine. Uganda imepokea wakimbizi wa Kikongo zaidi ya nusu milioni, na sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023. Kenya, Uganda na Rwanda zimefutiana ada za vibali vya kazi. Kijana wa kwetu Mangobo akienda kutafuta maisha Nairobi, tutamdaia nini kule ikiwa hapa hatumpi Mkenya hata orodha ya ada? (Na mji huu hauna haki ya kujifanya umezaliwa peke yake. Wavuvi Wagenia walikuwa wakitega migono kwenye maporomoko zamani, ndipo wakaja wafanyabiashara wa pwani, na Tippu Tip akawa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa, mwaka 1887. Kiswahili ninachoandikia kilifika kwa miguu pamoja nao.)

Siombi mipaka ifunguliwe wazi, wala ada zifutwe kesho. Naomba kila ofisi ya DGM mkoani Tshopo, kuanzia uwanja wa ndege wa Bangoka, ibandike ukutani, kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, orodha ya karatasi zinazohitajika, ada ya kila moja kama ilivyo kwenye arrêté, na siku za kungoja, pamoja na onyo kwamba malipo yasiyo na note de perception si ya serikali. Karatasi nne na gundi zinatosha. Kuhusu siku 30 za itifaki, Katiba inawapa wabunge wetu wa taifa uwezo wa kumuuliza waziri swali la maandishi. Wale tuliowachagua Kisangani Desemba 2023 wamuulize Waziri wa Mambo ya Ndani ni tarehe gani kanuni hiyo itaanza kufuatwa hapa, na jibu lake lichapishwe katika gazeti hili.

Msomaji wenu,
Wagenia, Kisangani