Eldoret na tahajia: kadi za maneno zisiifukuze imla

Mwalimu wa Gredi ya Pili mjini Eldoret akitaja "goti" wakati wa imla, asishangae kusahihisha daftari na kukuta "koti". Akitaja "bata" atakuta "pata", na "doa" litageuka "toa". Mtoto si mzembe wala masikio yake hayana kasoro. Katika Kikalenjin, k na g hazitenganishi neno na neno, wala p na b, wala t na d. Ipi itasikika hutegemea mahali sauti ilipo ndani ya neno. Mtoto aliyelelewa kwa Kinandi au Kikeiyo hajawahi kuhitaji kuzibagua sauti hizo mpaka siku aliyoingia darasani.

Jirani yake kwenye dawati, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Gikuyu, ana shida nyingine kabisa. Lugha yake haina l, kwa hiyo "kalamu" na "karamu" kwake ni neno moja, na "mahali" pa kulala pakawa "mahari" ya kuolea. Mbukusu naye amezoea d na g zinazotanguliwa na n. Zikisimama peke yazo zinamponyoka. Katika mitaa kama Langas na Huruma watoto hawa wote huingia darasa moja na kufunguliwa kitabu kimoja. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini mseto huu wa lugha ni mkongwe kuliko hati hiyo.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa imla tu. Mwalimu anataja maneno, mtoto anaandika, aliyekosea anarudia neno mara kumi. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, imla ilianza kutazamwa kama masalia ya enzi za kiboko. Mtoto sasa atende, ashirikiane na wenzake, agundue mwenyewe. Shughuli ya kupanga maneno inaafikiana vyema na wito huo: kikundi kinapewa kadi, kinazitenga, zenye s huku na zenye sh kule, kisha kinaeleza kwa nini "sindano" haikai pamoja na "shindano". Swali linalofaa kuulizwa ni kama shughuli hii inastahili kuchukua nafasi ya imla. Kwa maoni yangu haistahili, angalau si kwa namna inavyofanywa.

Tuanzie ilikotoka. Mbinu hii ilipata umaarufu Marekani kupitia watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliofuata nyayo za Edmund Henderson, na kitabu chao, Words Their Way, kilitoka mwaka wa 1996. Ilibuniwa kutibu ugonjwa wa Kiingereza, lugha ambayo sauti moja huandikwa kwa njia chungu nzima: tazama cake, rain na day. Mtoto akizipanga kadi hizo kwa safu, anaanza kuona kwamba fujo ile ina utaratibu wake, kwamba ay hupenda kukaa mwishoni mwa neno na ai katikati. Hapo jicho linafanya kazi ya maana.

Kiswahili hakina ugonjwa huo. Tangu tahajia yake isanifiwe chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930, unachokisikia ndicho unachokiandika, isipokuwa penye utata mdogo kama wa dh, th na gh. Kosa la mtoto wa Eldoret linaanzia sikioni. Mpe kadi za "goti", "gari", "koti" na "kuni", umwambie atenge g na k. Atazitenga bila kosa hata moja, kwa sababu anatazama maumbo ya herufi. Angeweza kufanya hivyo kwa lugha asiyoijua kabisa. Kipindi cha dakika 30 kimekwisha, vikundi vimefurahi, mwalimu ameandika "kufikia matarajio", na kesho yake mtoto yule yule ataandika kwamba amevunjika koti.

Katika somo la Kiingereza mambo yanageuka. Mazoezi mengi ya mwanzo yaliyotoka ng'ambo humtaka mtoto apange kwa sikio: cat upande huu, cut upande ule, ship hapa, sheep pale. Kiingereza tunachokizungumza Kenya hakitofautishi sana sauti hizo, na mwalimu akiyataja maneno yale darasa zima husikia kitu kimoja. Huko ni afadhali kuanza na maana na umbo la neno, sikio lifuate. Kwa hiyo shughuli inayoonekana moja inahitaji kufundishwa kwa njia mbili zinazopingana, na mwalimu wa gredi za chini ndiye huyo huyo anayefundisha masomo yote mawili.

Kuna gharama pia. Mzazi yeyote wa CBC anajua safari za jioni kwenda saiba kuchapisha picha, na kadibodi zinazotafutwa usiku wa manane. Kadi za maneno kwa darasa lililofurika si mzigo mdogo, na baada ya juma moja nusu zimepotea. Mradi wa Tusome, uliosambazwa katika shule za umma kuanzia 2015 kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, ulionyesha kwamba kitabu kimoja kwa kila mtoto na mwongozo wa kila kipindi vinaweza kuinua usomaji. Lakini vitabu vile vilikuwa vile vile kutoka Lamu hadi Turbo, jirani ya Eldoret. Havingeweza kujua kwamba Turbo wanahangaika na g.

Wala mtihani hausaidii. Maswali mengi ya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita, ni ya kuchagua jibu, na mtoto anaweza kumaliza Gredi ya Sita bila mtihani huo kumuuliza kwa dhati kama anaweza kuliandika neno. Walimu wanaona hilo, na wengine wameamua kutojisumbua.

Njia ipo, na haihitaji kadi. Mtoto achore safu mbili daftarini, g na k, na ya tatu ya "sina hakika". Mwalimu ataje neno bila kuliandika ubaoni. Mtoto alirudie kwa sauti, aamue safu, kisha aliandike lote. Mwishoni wawili wawili walinganishe daftari na wabishane kabla ya majibu kutolewa. Hiyo ni imla, na ni upangaji wa maneno pia. Safu ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kwa mwalimu, kwani inamwonyesha ni sauti ipi ambayo darasa lake halijaisikia bado.

Zaidi ya hayo, si kila sauti ni kikwazo hapa. Ng', inayowatoa jasho watoto wa kwingine, imejaa kwenye rejista ya darasa la Eldoret: Lang'at, Ng'etich, Ng'eno. Mwalimu anayeanza somo la "ng'ombe" na "ngoma" kwa majina ya wanafunzi wake mwenyewe ana nusu ya kazi mkononi, mradi wazazi na makarani waache kukidondosha kile kibainishi.

Ombi langu ni kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu vya Mosoriot na Tambach, vilivyo karibu na vinavyowajua watoto hawa. Waandae orodha fupi ya jozi za maneno kwa kila lugha kubwa ya eneo hili, kurasa mbili tatu tu, imfikie kila mwalimu wa Gredi ya Kwanza katika Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, kabla muhula wa kwanza kufunguliwa. Kadi zinaweza kusubiri.