Tumsahau Aliyetubeba?

Ndugu msomaji, yapo magari mawili ya ukoo mmoja ambayo ningependa tuyatie katika mizani. Yote mawili ni Peugeot 504, zao la Ufaransa lililozinduliwa mwaka wa 1968. La kwanza ni stesheni wagoni, ambalo wananchi waliliita Pijo tu. La pili ni Coupé, gari la milango miwili lililosanifiwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia na kuonyeshwa hadharani mwaka wa 1969.

Tuanze na maumbile. Katika 504 ya kawaida, kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma palikuwa na sentimita 274. Ili kupata stesheni wagoni, wahandisi waliongeza urefu huo hadi 290, wakatia ekseli nzima nyuma na springi nne mahali pa mbili, ili listahimili mzigo. Ili kupata Coupé, waliupunguza hadi 255. Ndugu wa tumbo moja: mmoja alirefushwa abebe, mwenziwe akafupishwa akimbie.

Coupé ilijipatia sifa papa hapa kwetu. Wakati wa Pasaka ya mwaka wa 1978, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas aliendesha Coupé ya silinda 6 na kunyakua ushindi wa Safari Rally, mashindano yaliyokuwa yakipita maelfu ya kilomita za matope na vumbi. Huo haukuwa ushindi wa kubahatisha, na sina nia ya kuubeza.

Hata hivyo, tujiulize: nani aliyepita katika barabara hizo siku zisizokuwa za mashindano? Katika miaka ya 1970 na 1980, stesheni wagoni ndilo lililokuwa teksi ya masafa marefu kati ya Nairobi na miji kama Nakuru na Kisumu. Katika safu zake tatu za viti waliketi mwalimu aliyehamishwa, mgonjwa aliyepelekwa hospitali na mwanafunzi ambaye sanduku lake la bati lilifungwa kwenye keria. Gari la mashindano lilingojewa njiani na mafundi wenye magurudumu na vipuri. Dereva wa Pijo alikuwa na jeki, spana na maarifa yake, na kesho yake alirudi barabarani.

Atatokea wa kunikumbusha kwamba magari hayo yalijazwa abiria kupita kiasi, na kwamba wako waliopoteza maisha. Ni kweli. Lakini tamaa ni ya binadamu, si ya chuma.

Kwa maoni yangu, basi, stesheni wagoni ndilo linalostahili heshima kubwa zaidi. Ushindi hukumbukwa kwa sababu hutokea siku moja na kuandikwa. Utumishi husahauliwa kwa sababu hutokea kila siku. Wahenga walinena kuwa fadhila ya punda ni mateke. Hapa mambo yamegeuka: aliyebebwa ndiye aliyempiga punda teke. Coupé za zamani hutunzwa na kung'arishwa na matajiri, ilhali Pijo nyingi ziliishia kuwa vyuma vikuukuu nyuma ya gereji.

Walimu, nanyi hufanya vivyo hivyo siku ya kutoa zawadi. Aliyeongoza mtihani hupigiwa makofi, na ni haki yake. Lakini yule aliyewaeleza wenzake hesabu kila jioni hadi darasa zima likapita, hutajwa na nani?

Nanyi wanafunzi, watafuteni wazee waliokuwa madereva wa Pijo. Waulizeni nauli, njia walizopita, na jinsi walivyovuka mito iliyofurika. Andikeni majibu yao daftarini. Jina la mshindi wa mwaka wa 1978 limekwisha hifadhiwa. Majina ya waliowabeba babu na nyanya zenu yanawangoja ninyi.