Mhandisi wa Ulinzi Anahitaji Soko, Si Pongezi Pekee

Barabara ya Morogoro inapotoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hupita jirani na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), hatua chache kutoka Kariakoo. Barabara hiyo hiyo huelekea Kibaha, liliko Shirika la Nyumbu, na kufika Morogoro, liliko Shirika la Mzinga. Mashirika haya mawili yako chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Mzinga hutengeneza risasi na baruti, ilhali Nyumbu, lililopewa hadhi ya shirika la umma mwaka 1985, hujishughulisha na teknolojia ya magari na mitambo.

Wananchi wengi huyafahamu mashirika hayo kupitia mabanda ya Maonesho ya Sabasaba. Kinachofahamika kwa uchache ni kazi ya mhandisi aliye nyuma ya bidhaa zinazooneshwa.

Kwanza, ni kazi ya ukimya. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda taarifa za siri, hivyo mhandisi wa ulinzi hawezi kuonesha michoro yake anapoomba kazi kwingine, wala kuieleza familia yake kila alichokifanya. Pili, ni kazi isiyosamehe. Kipuri cha gari la kijeshi kinapaswa kuingia mahali pake bila kulazimishwa, kiwe kimefungwa karakanani au porini. Kwa sababu hiyo, muda mwingi hutumika kupima, kujaribu na kurudia, kuliko kubuni.

Hata hivyo, changamoto kubwa zaidi ni uchache wa oda. Mhandisi anapotengeneza gia kumi, gharama ya kalibu, chuma na majaribio hugawanywa kwa gia hizo kumi tu. Mfanyabiashara wa vipuri wa Gerezani, jirani na Kariakoo, huuza bidhaa iliyozalishwa kwa maelfu katika viwanda vya Asia. Bei zao haziwezi kulingana, hata kama ubora unalingana. Matokeo yake ni kwamba sampuli nzuri hubaki kuwa sampuli, na kijana aliyepata mafunzo kwa gharama ya umma hushawishika kutafuta ajira kwingine.

Suala hili linamgusa mkazi wa Kariakoo moja kwa moja. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilo hilo na kusababisha vifo. Matukio yote mawili yalikumbusha umuhimu wa magari na mitambo ya uokoaji. Nyumbu limekwishabuni na kutengeneza gari la zimamoto. Magari ya aina hiyo yakiagizwa kwa wingi na kwa mpango wa miaka kadhaa, gharama ya kila moja itapungua, na vipuri vitapatikana Kibaha badala ya kusubiriwa bandarini.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kutoa upendeleo kwa bidhaa za ndani. Kinachohitajika sasa ni taasisi za umma, zikiwemo halmashauri, kuingiza mahitaji hayo katika mipango yao ya ununuzi mapema. Upendeleo huo, hata hivyo, haupaswi kuwa kinga dhidi ya ubora. Gari lisilokidhi viwango lirejeshwe kiwandani, liwe limetengenezwa na nani.

Nidhamu, usiri na ustadi tayari vimo katika karakana za Kibaha na Morogoro. Oda ya uhakika ndiyo itakayomwezesha mhandisi kutoka kwenye sampuli moja na kufikia uzalishaji, na ndiyo itakayomwezesha mwananchi kuona thamani ya fedha aliyoichangia kupitia kodi yake.