Umerithi Bunduki? Soma Namba Kwanza!

Jamani, urithi una mambo! Kuna wanaoachiwa nyumba, kuna wanaoachiwa madeni. Mshikaji wangu mmoja aliyezamia Marekani na kuoa huko huko, yeye kaachiwa na baba mkwe bunduki ya kuwindia, Remington Model 700. Kanipigia simu anatamba utafikiri karithi shamba la karafuu. Nikamwuliza, "Namba yake umeisoma?" Akacheka: "Ya nini? Mzee kawinda nayo miaka yote, haijamfanya kitu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo vijana tunapoingia mkenge.

Bunduki hiyo ilitoka mwaka 1962, ikauzwa kwa mamilioni. Lakini kifyatulio chake kina kesi. Watu kibao walilalamika kwamba inalia yenyewe, kidole hakijagusa. Kiwanda kikakana. Mwaka 2000, huko Montana, mama mmoja alikuwa anatoa risasi kwenye yake. Hizo za zamani zilikuwa hazikubali kutolewa risasi mpaka kwanza ufungue loki ya usalama. Kafungua tu, paa! Risasi ikapenya trela la farasi na kumwua mwanawe wa miaka 9 aliyekuwa upande wa pili.

Haya, Aprili 2014 kiwanda chenyewe kikaita zirudishwe zile zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya Mei 1, 2006 na Aprili 9, 2014. Kisa? Gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha kifyatulio! Usafiri, ukaguzi na usafishaji, vyote bure. Kwa nyingi za zamani yakaja mapatano ya mahakamani: unawekewa kifyatulio kipya bila senti. Ila maombi yakafungwa Aprili 2020, na mwaka huo huo kampuni ikafilisika mara ya pili, ikauzwa vipande vipande.

Sasa mrithi anaumia wapi? Risiti hana, jina lake halimo kwenye daftari la kiwanda. Barua kama ilikuja, ilimkuta mzee, naye kaitupia kwenye droo na bili za umeme. Hakuna atakayekugongea mlango akuambie.

Kwa hiyo dawa ni moja. Elekeza mdomo wa bunduki pasipo na mtu, toa risasi zote, kisha iweke, usiijaribu hata kwa utani. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma, uliza ni ya mwaka gani na ina kifyatulio gani. Kama muda wa bure umepita, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni akubadilishie kwa pesa zako. Inauma, najua, lakini mazishi ni ghali zaidi. Na bisibisi yako ya jikoni iache huko huko jikoni!

Bunduki ya marehemu unaweza kuirithi. Bahati yake, hapana, hiyo kazikwa nayo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.